Mabango Matatu, PIN Moja

Kwenye vituo vingi vya petroli jijini Nairobi na kando ya barabara kuu utakuta Chicken Inn, Pizza Inn na Creamy Inn chini ya paa moja. Kila jina lina bango na rangi zake, ila mwendeshaji ni mmoja: Simbisa Brands, kampuni iliyotengwa na Innscor Africa ya Zimbabwe mwaka 2015. Chicken Inn ilianzia Harare mwaka 1987. Pengine hapo hapo pana Galito's, jina la Afrika Kusini ambalo Simbisa hulitumia kwa leseni tu.

Faida ya mpango huo haihitaji kuelezwa sana. Mzazi anakula kuku, mtoto anapata aiskrimu, na kodi ya pango inalipwa mara moja. Tatizo ni kwamba wafanyabiashara wengi wadogo huiga mabango na kuacha kazi ya karatasi iliyo nyuma yake.

Tuseme kampuni moja ya Nakuru inaoka keki, inapika kwenye harusi na kukodisha mahema, kila kazi kwa jina lake. Kampuni imesajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015. Majina matatu yanaandikishwa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura 499, kupitia eCitizen, na kila moja linapata cheti. Cheti hicho hakizai mtu mpya mbele ya sheria. Mwenye jina ni kampuni, na ndiyo inayokopa, kuajiri na kudaiwa. Hema likimwangukia mgeni harusini, fidia inaweza kulipwa kwa tanuri la keki.

Kosa ninaloliona mara nyingi liko kwenye mikataba. Mtu anasaini kwa jina la mahema peke yake, kana kwamba mahema yana wakurugenzi. Siku mteja akikataa kulipa, wakili wake anaanza kwa kuuliza: aliyesaini ni nani hasa? Dawa yake ni mstari mmoja chini ya kila ankara na kila mkataba: jina kamili la kampuni, likifuatiwa na maneno “ikifanya biashara kwa jina la”, kisha jina la bango.

Kwenye kodi ndiko watu hujidanganya zaidi. Kizingiti cha kujisajili kwa VAT ni mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Keki zikiingiza milioni 2.5, harusi milioni 2 na mahema milioni 1, kila jina peke yake liko chini ya kizingiti. Lakini KRA, mamlaka ya kodi, haihesabu majina. Inahesabu mwenye PIN, yaani namba ya mlipakodi, naye amefika milioni 5.5. Ankara zote za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, zinabeba PIN hiyo hiyo, kwa hiyo jumla haifichiki.

Ndani ya kampuni, hata hivyo, ni lazima utenganishe. Kila jina lipewe namba yake ya till ya M-Pesa na safu yake kwenye vitabu, na gharama za pamoja, kama vile stima, gari na mshahara wa mhasibu, zigawanywe kwa kanuni iliyoandikwa, si kwa kukisia mwisho wa mwezi. Bila hivyo keki zitayalisha mahema miaka mitatu na hakuna atakayegundua.

Cheti cha jina hakikupi pia umiliki wa jina. Kwa hilo unaenda KIPI, taasisi ya Kenya inayosimamia mali ya viwandani, kusajili alama ya biashara, kwa madaraja ya bidhaa au huduma unazouza, na usajili hudumu miaka 10 kabla ya kuhuishwa. Ningeanza na jina linaloingiza pesa nyingi, mengine yasubiri.

Mpangilio huu hukwama pale jina moja linapopata mnunuzi. Mahema hayana hisa za kuuza. Itabidi uuze mali kipande kwa kipande: mahema yenyewe, jina, orodha ya wateja, mkataba wa ghala, na ukubaliane na wafanyakazi upya. Kwa hiyo anayeona dalili kwamba atakuja kuuza sehemu, au anayeendesha kazi yenye hatari kubwa kama mahema, heri aifungulie kampuni tanzu mapema, ingawa atajaza ritani mbili kila mwaka na kumlipa mhasibu zaidi.