Mji Uliochakaa Mbele ya Kamera

Mashairi yetu yana wahakiki wengi, lakini picha zetu hazina. Hutundikwa ukutani, hutazamwa, husifiwa kuwa ni nzuri, na maneno yakaishia hapo. Makala haya yanakusudia kupima kazi chache za sanaa ya upigaji picha zinazohusu Afrika ya Mashariki na jirani zake, na kuziuliza swali moja: mji uliochakaa upigwe picha kwa namna gani? Nauliza hivyo kwa ajili ya Kilwa Kivinje, mji ambao swali hilo lauhusu sana.

Katika karne ya 19 Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya kusini, iliyoleta hapo pembe za ndovu na watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Baadaye Wajerumani walijenga boma lao ufukweni, na mwaka 1895 wakamnyonga mjini humo Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga. Jina la Mwembe Kinyonga lahifadhi habari za unyongaji huo mpaka leo. Makao ya serikali yalipohamia Kilwa Masoko, nyumba nyingi za mawe ziliachwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Kivinje haimo. Basi mpigapicha afikapo huona kuta zilizobomoka, mizizi iliyokumbatia mawe, na milango ya nakshi isiyo na paa juu yake. Hupiga asubuhi, jua likiwa changa, na hungoja watu wapite kwanza. Picha hutoka nzuri mno. Kosa lake ni huko kungoja. Mji wenye soko, madrasa, wavuvi na watoto wa shule waonekana kana kwamba ulikufa zamani. Na mtu akisadiki kwamba mji umekufa, haoni haja ya kumwuliza mwenyeji lolote.

Lakini yafaa tutende haki, kwani si kila picha isiyo na watu ina kosa hilo. Zarina Bhimji alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963, akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake mwaka 1974, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Filamu yake iitwayo Out of Blue ilionyeshwa katika maonyesho ya Documenta, mjini Kassel, mwaka 2002, na picha zake zilimfanya awe miongoni mwa walioteuliwa kushindania tuzo ya Turner mwaka 2007. Humo twaona vyumba vitupu na kuta zilizobambuka rangi, wala hapana mtu. Hata hivyo utupu huo haukuwekwa kwa ajili ya pambo. Watu hawamo kwa sababu walifukuzwa, na msanii mwenyewe ni mmoja wao. Kutokuwapo kwao ndiyo habari yenyewe. Atakayemwiga Bhimji huko Kivinje atachukua sura na kuacha sababu, maana watu wa Kivinje wapo.

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, ameshika njia nyingine. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire, yaani Kumbukumbu, uliokamilika mwaka 2006, alichukua picha za zamani za kampuni ya migodi ya Union Minière, akakata humo sura za wafanyakazi na za mabwana wao, akazipandikiza juu ya picha zake mwenyewe za viwanda vilivyoachwa. Watu wa kale wamebaki weusi na weupe. Gofu lina rangi za leo. Mtazamaji hawezi kulipenda gofu pasipo kukutana na macho ya wale waliolitolea jasho. Twaweza kulalamika kwamba wafanyakazi hawa hawana majina, na kwamba mkasi wa msanii hauwezi kuwarudishia kile walichonyimwa na kamera ya kampuni. Lakini lawama hiyo yaielekea hifadhi kuliko msanii. Tena Baloji hakuridhika na kuta za ng'ambo: mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha la sanaa huko kwao Lubumbashi, chini ya chama chao walichokiita kwa neno la Kiswahili, Picha.

Njia ya tatu ni ya watu wa makumbusho. Maonyesho ya World on the Horizon, yaliyotayarishwa na Prita Meier na Allyson Purpura, yalifunguliwa katika Makumbusho ya Krannert ya Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2017, yakapelekwa Washington mwaka 2018, kisha Los Angeles. Humo picha za pwani ziliwekwa pamoja na viti vya enzi na vito, na mpango huo wafundisha jambo: katika nyumba za Waswahili picha ilikuwa kitu cha thamani, cha kupamba na kupeana. Meier ameieleza hoja hiyo kwa kirefu katika kitabu chake The Surface of Things cha mwaka 2024, wala hakuuficha upande wa giza, yaani picha za wanawake watumwa waliovishwa na kusimamishwa mbele ya kamera kwa matakwa ya wengine. Nililo nalo dhidi ya maonyesho hayo ni kwamba vituo vyake vyote vitatu vilikuwa Marekani. Ukuta wa namna nyingine ulikuwako Unguja, katika Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kurithiwa na mwanawe Rohit. Hapo mtazamaji na mtazamwa waliweza kuwa watu wa mtaa mmoja.

Kutokana na hayo, hukumu yangu ni kwamba maonyesho yastahiliyo kutazamwa ni yale ambayo mtu wa mahali palipopigwa picha aweza kusimama mbele yake akasema, "Huyu namjua," au, "Sivyo ilivyokuwa." Kwa Kivinje vifaa havikosekani. Hifadhi ya picha za kikoloni ya Frankfurt ina picha zipatazo 55,000, nazo zatazamika kwa intaneti. Lakini maelezo yake ya asili yaliandikwa kwa macho ya wenye boma. Zile zihusuzo pwani ya Kilwa na zichapishwe, zitundikwe karibu na soko la Kivinje, maelezo yaandikwe upya kwa Kiswahili baada ya wazee kusikilizwa, na kando yake ziwekwe picha za leo zilizopigwa na vijana wa mji. Wala si zote zitundikwe. Mfungwa aliyepigwa picha kwa nguvu hafai kuonyeshwa kwa nguvu mara ya pili, na wa kuamua hilo ni wenyeji. Wanafunzi wetu wa fasihi wamezoea kuuliza ni nani asemaye katika shairi. Wafikapo mbele ya picha ya gofu, na waulize pia ni nani aliyeshika kamera, na ni nani aliyengojewa apite.