Kwa Nini Si Nairobi?

Disemba 2023, Kendrick Lamar alipopiga shoo Kigali, timeline yangu ilijaa swali moja: kwa nini si Nairobi? Na mimi niliuliza, si uongo. BK Arena ilifunguliwa 2019 baada ya miezi sita tu ya ujenzi. Inabeba watu 10,000, na ina paa. Mvua inyeshe isinyeshe, shoo inaendelea. Ligi mpya ya basketi ya Afrika ilizaliwa humo, Mei 2021.

Lakini wivu hutusahaulisha. Sisi tuna gym ya Kasarani, iliyojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Ndogo, ndiyo, lakini kaa hapo siku ya voliboli. Mpira ukipigwa, mlio unagonga paa na kurudi kifuani mwako. Unasikia viatu vikilia sakafuni, unamsikia kocha akifoka. Uwanja wa wazi hauwezi kukupa huo ukaribu.

Shida yangu na kumbi hizi ni neno tunalozisifia nalo: eti zinafaa kwa kila kitu. Toa vikapu, leta jukwaa. Toa jukwaa, leta wajumbe wa chama. Sakafu haina msimamo. Inapokea yeyote aliye na ufunguo.

Na sisi tunajua hilo linaweza kufika wapi. Aprili 2014, wakati wa msako wa Usalama Watch, polisi walikamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh. Wengi walizuiliwa Kasarani, kwenye uwanja wa michezo. Mageti yanayopanga foleni ya mashabiki yalitosha kabisa kufungia watu. Hakuna kilichohitaji kujengwa upya.

Kwa hivyo siwezi kupima jengo la umma kwa viti na mastaa pekee. Kigali imetuonyesha kwamba ukumbi mkubwa unawezekana hapa kwetu, na hiyo si kazi ndogo. Sisi bado hatujajibu swali la ufunguo.

Tukijenga arena yetu, nitakuja kwenye shoo ya kwanza, tena mapema. Lakini hukumu yangu nitaitoa Jumanne moja asubuhi, hakuna mechi, hakuna kamera, kijana wa Mwiki amesimama getini na mpira kwapani. Ataingia?