Ndege Iliyogeuzwa Rejeta

Dereva yeyote anajua rejeta hukaa wapi: mbele, iukabili upepo. Kwenye gari si hoja. Kwenye ndege inayotaka kupita kilomita 500 kwa saa, rejeta ya namna hiyo ni breki. R. J. Mitchell wa kiwanda cha Supermarine, Southampton, alikumbana na tatizo hilo alipounda S.6B, ndege ya majini ya mashindano ya Schneider ya 1931.

Injini ilikuwa Rolls-Royce R, silinda 12, lita karibu 37, nguvu za farasi 2,350. Joto la kutisha. Mitchell akaachana na rejeta ya kawaida, akaitumia ngozi ya ndege yenyewe. Mabawa yalivikwa bati la duralumini juu ya bati jingine, ukaachwa mwanya mwembamba katikati, na maji ya injini yakapita humo. Nguvu zilipozidi zile za mashindano ya 1929 mabawa hayakutosha tena, basi migongo ya maboya ya kuelea majini nayo ikavikwa vivyo hivyo.

Kinachonivutia zaidi ni oili. Ilisukumwa katika mifereji bapa ubavuni hadi kwenye pezi la mkia, ambalo lilikuwa ndilo tangi lake. Humo ilimwagwa kutoka juu, ikachuruzika kwenye kuta za ndani huku ikipoa, kisha ikarudi mbele kwa mfereji wa tumboni.

Na petroli? Ilikaa maboyani, tena si sawa kwa sawa. Boya la kulia lilibeba zaidi, maana propela ikichanganya kasi ndege ilielemea kushoto na boya la huko likazama.

Tarehe 13 Septemba 1931 rubani John Boothman alizunguka peke yake juu ya mlangobahari wa Solent. Waitaliano na Wafaransa hawakutokea. Boothman alimaliza mizunguko saba kwa wastani wa kilomita 547 kwa saa, jicho kwenye kipimajoto, akipunguza mafuta kila maji yalipokaribia kuchemka. Injini ilikuwa na zaidi ya kutoa. Ngozi ndiyo iliyokuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Siku 16 baadaye, kwenye njia fupi iliyonyooka, injini ikiwa imeandaliwa maalumu, rubani George Stainforth alifikisha kilomita 655 kwa saa kwa S.6B.