Mtu Mmoja wa Zafa

Ukitaka kuchora mtu aliyetulia, usije kwenye zafa ya Maulidi. Alasiri ya Mfunguo Sita nasimama ukingoni mwa Mtaa wa Lumumba, viwanja vya Mnazi Mmoja vikiwa ng'ambo, daftari kiganjani, penseli nimeichonga kwa wembe ncha zote mbili. Mitaa ya Kariakoo ilipimwa ikanyooka tangu enzi za Mjerumani, kwa hiyo dufu linasikika mapema na bendera zinaonekana kwa mbali. Wakati huo nachora visivyokwenda popote: nguzo ya umeme, baraza, muuza kahawa na birika lake. Nafasi ya watu naiacha tupu.

Zamani nilikuwa nawakimbiza. Nikimwanza mtoto wa madrasa, kuinua macho kashapita, nimebaki na kofia isiyo na kichwa. Daftari zima vipande vitupu. Aliyenifundisha ni zafa yenyewe. Chuo kimoja kikipita, kingine kinafuata, na mpiga dufu wake anainua kiwiko vilevile. Basi nikachukua kiwiko cha huyu, kanzu ya yule, hatua ya wa tatu, nikapata mtu mmoja. Fundi wa mwendo hamfuati aliyepita, anangoja kitakachojirudia.

Nyuso siziweki. Wapo wanazuoni wasioridhia picha ya kiumbe mwenye roho, na penseli inayoingia kwenye furaha ya watu haina budi kubisha hodi. Tena sijapungukiwa. Nani asiyemjua nduguye kwa mwendo, hata akimpa mgongo?

Ufundi huu hauna kuhitimu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, ndiyo maana Maulidi ya 2023 iliangukia mwishoni mwa Septemba na ya 2025 mwanzoni mwake. Miaka kumi na kitu ijayo itaingia masika, nami itanibidi nijifunze kuchora miavuli na kanzu zilizopandishwa kukwepa madimbwi.

Safari moja muuza kahawa aliinamia daftari langu, birika mkononi.

"Mwanangu, huyu si mjukuu wangu?" Kidole chake kilikuwa juu ya kichwa kisicho na macho. "Mtazame anavyotembea. Babake mtupu!"

"Mchukue, mzee," nikasema, nikachana ukurasa.

Aliukunja taratibu, akautia chini ya kofia. Sikumwambia kuwa mjukuu wake ni watoto watatu.