Pale Maji ya Kuoshea Hayakufika

Gari lililotumika hukaguliwa likiwa baridi. Makanika anayeijua kazi hufika asubuhi, kabla muuzaji hajapata nafasi ya kuliwasha, na boneti ikifunguliwa tu huweka kiganja juu ya injini. Akikuta ina joto, huuliza kwa nini. Injini yenye sili za valvu zilizochakaa hutoa moshi wa buluu inapowashwa baada ya kulala usiku kucha, kisha hutulia kana kwamba haikufanya kitu. Betri iliyochoka nayo haionyeshi uchovu wake gari likishatembea. Mjini Machakos, ambako asubuhi za Julai huwatia watu makoti, kipimo hiki hakina gharama ila ya kuamka mapema.

Mji huo uko kilomita 60 na ushei kutoka Nairobi, umejitenga kidogo na barabara kuu ya Mombasa inayopita Kyumbi, na ni kwa barabara hiyohiyo magari kutoka bandarini hupanda bara. Mengi yametoka Japani yakiwa yametumika tayari. Kenya hukubali yenye usukani wa kulia tu, tena yasiyozidi miaka 8. Lililoingizwa mwaka 2025, kwa mfano, lilitakiwa liwe la 2018 au baadaye. Kwa hiyo gari analoliuza mtu wa Machakos limeishi maisha mawili. Huko Japani ya kaskazini huenda chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ililila chuma chini ya sakafu. Huku Ukambani limekula vumbi, na kama ni pikapu, yumkini limebeba mchanga wa mtoni hadi springi za nyuma zikanyooka. Anayelikagua hana budi kuzisoma habari za nchi zote mbili katika mabati mamoja.

Wanunuzi wengi huanza na herufi za namba ya usajili, na hapo ndipo huanza kupotea. Msururu wa KCA ulianza mwaka 2014, na wa KDA mwaka 2020, lakini herufi hizo husema gari liliingia lini katika rejista ya Kenya, si liliundwa lini. Lenye KDA laweza kuwa na umri wa miaka 7 zaidi ya namba yake.

Karatasi hutangulia chuma. Rekodi za gari hutafutwa katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na jina linalotokea hulinganishwa na kitambulisho cha muuzaji. Jina la benki likitokea kando ya la mwenye gari, kuna mkopo ambao haujaisha, na gari hilo bado si lake kuliuza peke yake. Kisha namba ya chesisi husomwa kwenye chuma chenyewe. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17 iliyozoeleka kwingineko duniani. Yana namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, halafu kistari. Makanika huipitishia kidole. Namba iliyogongwa kiwandani imekaa sawasawa, na chuma kinachoizunguka hakina alama ya tupa.

Baada ya hapo hufika zamu ya bodi, na hapa ndipo ustadi wenyewe ulipo. Gari linalouzwa limeoshwa, likapakwa nta, likapuliziwa manukato ndani. Yote anayoweza kuyaona mnunuzi yameshughulikiwa. Makanika basi hutafuta mahali ambapo maji ya kuoshea na kitambaa cha kung'arishia havikufika: ndani ya ukingo wa mlango, chini ya zulia la buti, nyuma ya taa. Hutazama bolti zinazoshika madigadi na boneti. Kiwandani hupakwa rangi pamoja na bodi, na spana ikizigusa hata mara moja, rangi hubanduka kwenye pembe zake. Bolti iliyobanduka haisemi kwamba gari limepata ajali, lakini inasema kuna mtu aliyewahi kuifungua, na mtu hafungui digadi kwa kujifurahisha.

Hugonga mabati kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Bati tupu hulia. Palipojazwa fila, ule udongo wa plastiki unaozibia mabonde, sauti hufa. Wenye vifaa hutumia kipimo cha unene wa rangi: ya kiwandani aghalabu huwa kati ya mikroni 100 na 150, na palipojazwa fila namba hupanda mara kadhaa. Asiye nacho huwa na sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, nayo hukataa kung'ang'ania pale pale ambapo kipimo kingepiga kelele. Vioo vina chapa pembeni. Kimoja kikiwa na ya kampuni tofauti na vingine, kilibadilishwa. Mikanda ya viti huvutwa hadi mwisho, kwa sababu tope la mafuriko hubaki kwenye sehemu ya mkanda ambayo hakuna aliyeikumbuka. Ubavu wa tairi una tarakimu nne, na 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Injini iliyong'arishwa si sifa. Ikiwa inatoka barabara za vumbi nayo inametameta kama sufuria ya bi harusi, makanika mzoefu hurudi nyuma hatua moja na kutafuta mafuta yaliyokuwa yakivuja yalikuwa yakitokea wapi. Hufungua kifuniko cha oili. Utando mzito wenye rangi ya chai ya maziwa chini yake waweza kuwa unyevu wa safari fupifupi tu. Ukikutwa pia kwenye kijiti cha kupimia, maji yamekutana na oili, na huenda gasketi ya kichwa cha injini imekwisha. Moshi mweusi humaanisha mafuta yanaungua kwa wingi kupita kiasi, kosa dogo pengine. Moshi mweupe usioisha injini ikishapata moto ndio wa kuogopwa.

Siku hizi kuna pia mashine inayochomekwa chini ya usukani kusoma makosa yaliyohifadhiwa katika kompyuta ya gari. Wapo wanaoyafuta usiku wa kuamkia siku ya kuuza. Lakini kufuta huko huacha alama: katika magari mengi kompyuta huonyesha kwamba majaribio yake ya ndani bado hayajakamilika, dalili kwamba kumbukumbu zilisafishwa juzijuzi. Namba ya kilomita nayo hurudishwa nyuma kwa urahisi wa kusikitisha. Mpira wa pedali ya breki haurudishwi. Ukiwa umelika hadi chuma huku dashibodi ikidai kilomita 60,000, huaminiwa mpira.

Safari ya majaribio humalizia kazi, na Machakos imejaliwa milima. Gari hupelekwa kwenye mwinuko wa Iveti, ambako klachi iliyolika hujitaja yenyewe: injini hunguruma juu na gari lisiongeze mwendo. Wakati wa kushuka, breki na usukani hupata zamu yao. Redio huzimwa. Muuzaji anayeiwasha ili kuchangamsha safari huzimiwa kwa heshima, kwa maana beringi ya gurudumu huimba taratibu na wimbo wake hubadilika gari likikata kona. Usukani ukizungushwa hadi mwisho, shafti mbovu hugonga kak-kak-kak.

Mashariki mwa mji huohuo, kwenye kilima cha Kituluni, kuna mahali paitwapo Kyamwilu ambapo gari likiwekwa nyutro huonekana likipanda mlima lenyewe, na maji yakimwagwa hufuata njia hiyohiyo. Wageni hufunga safari kwenda kushangaa. Umbo la ardhi ndilo linalowadanganya: panapoonekana mwinuko ni mteremko. Haidhuru kulikumbuka hilo unaposimama mbele ya gari jekundu linalong'aa.

Katika kaunti hiyohiyo, huko Wamunyu, Mutisya Munge alianzisha uchongaji wa vinyago baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kazi za mikono ya wachongaji wa Ukambani zimesambaa duniani. Kazi ya mkaguzi haiachi kinyago. Akiifanya vizuri kupita kiasi, matokeo yake ni gari ambalo halikununuliwa na hasara ambayo haikutokea, vitu viwili visivyoweza kuwekwa rafuni. Labda ndiyo sababu watu hulipa kwa moyo mzito shilingi elfu chache za kuangaliwa gari la laki nane, lakini hawanung'uniki kulipia redio mpya.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, inalifanya suala la ukaguzi kuwa zito zaidi. Humlinda anayenunua kwa mfanyabiashara dhidi ya bidhaa isiyofaa, lakini aliyeichunguza mwenyewe hapati kinga kwa kasoro ambazo uchunguzi huo ulipaswa kuzifichua. Anayetazama juujuu ili aonekane ametazama hujiweka pabaya. Chama cha magari cha AA Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1919, hukagua na kutoa ripoti iliyoandikwa. Fundi wa jua kali hutoa yake kwa mdomo, na mara nyingi kwa neno moja.

Neno hilo huwa na thamani iwapo fundi aliletwa na mnunuzi, kwa malipo yaliyokubaliwa mapema, yasiyobadilika gari likinunuliwa au lisiponunuliwa. Fundi anayependekezwa na broka, yaani dalali wa magari, hukagua kwa niaba ya broka. Na gari lililokataliwa hurudi yadi, likaoshwa upya, likamngoja mteja wa kesho.