Miwani ya baiskeli: ya Kadutu au ya jina?

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Anayekanyaga pedali kwenda Kavumu anahitaji miwani, hilo halina ubishi. Ubishi ni bei: Oakley ya zaidi ya dola 150, au ile ya mezani sokoni Kadutu?

Tuanze na kioo chenyewe. Cha Oakley ni polikaboneti; cha Kadutu kinaweza kuwa polikaboneti pia, na kwa asili yake hiyo huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno, hata ikiwa nyeupe kabisa. Weusi hauhusiki. Tena weusi bila kinga ni hatari zaidi, kwa kuwa mboni hupanuka na kuikaribisha mionzi ndani.

Utajuaje, basi? Kibandiko cha UV400 kisikudanganye, kinachapishwa popote. Nenda kwa mbadilisha pesa mwenye taa ya kukagulia dola. Akimulika noti ya 100, uzi uliomo ndani huwaka rangi ya waridi. Weka kioo kati ya taa na noti, nawe utazame kwa pembeni, si kupitia kioo. Uzi ukizimika, miwani inafaa. Ukiendelea kuwaka, irudishe mezani.

Oakley inashinda kwingine. Ishike miwani mbali na uso, tazama mwimo wa mlango, uisogeze polepole. Mwimo ukionekana kupinda, hata shimo la barabarani utalikadiria vibaya ukiwa unateremka. Miwani nyingi za bei ndogo huanguka hapa, hasa kwenye kingo za kioo.

Halafu kuna jua kuzama, mnamo saa kumi na mbili. Kioo cheusi cha daraja la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 tu ya mwanga. Gizani, motari asiyewasha taa humwoni.

Uamuzi wangu: nunua mbili za Kadutu zilizopita majaribio yote mawili, moja nyeusi, moja nyeupe. Vumbi la Juni hadi Agosti litazikwaruza, kama ambavyo lingeikwaruza Oakley. Ya jina waachie wanaoshindana. Na miwani yako usiifute kwa fulana ikiwa na vumbi. Imwagie maji kwanza.