Kasri Hupimwa kwa Maji: Mwongozo wa Mtazamaji wa Mtoni

Kasri la Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, lilikuwa makao ya Sultani Seyyid Said, na ndiko alikozaliwa bintiye Salme mwaka 1844. Moto wa 1914 uliliteketeza. Wageni wengi huona kuta tupu, wakapiga picha, wakaondoka. Anayetaka kuijua kazi ya fundi hapaswi kuharakisha, kwani pambo likishatoka, ufundi hauna pa kujificha.

Maji. Anza hapa, kabla ya maua na miti. Salme, katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886, anaeleza jinsi kijito kilivyopita kasrini na kujaza mabirika kabla ya kuingia baharini. Tafuta njia hiyo. Mfereji mzuri huteremka kidogo kidogo, kwa kipimo kimoja. Penye tope la kutuama, ama fundi alikosea ama ukuta umetitia.

Boriti. Tazama matundu yaliyoshika boriti za mikoko. Safu iliyonyooka, yenye nafasi sawa, ni alama ya mwashi makini. Usilaumu wembamba wa vyumba: upana uliamuliwa na urefu wa boriti.

Lipu. Gonga ukuta taratibu kwa vifundo vya vidole. Mlio mzito maana yake lipu imeshikana na jiwe la matumbawe. Mlio wa kitu kitupu maana yake imeachana nalo. Kisha chunguza viraka. Saruji huzuia unyevu usitoke, nao hutafuta njia pembeni: utaona unga mweupe wa chumvi, na chokaa ya zamani ikimomonyoka kuzunguka kiraka kigumu kisicho na hata ufa. Huo si ukarabati.

Nakshi. Kwa hili nenda hamamu za Kidichi, alizojenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Simama ubavuni mwa ukuta, mwanga ukupite kwa mshazari, uangalie maua na ndege wa chokaa. Kazi bora ina kingo kali na kina kinacholingana. Rangi iliyopakwa tabaka juu ya tabaka huziba yote mawili.

Ukiweza kuchagua majira, nenda masika. Ukuta wa chokaa nzuri hulowa na kukauka. Uliozibwa kwa saruji hubaki na madoa siku kadhaa, na hapo huhitaji kuuliza kama ulikarabatiwa vibaya.